Balbu ya Barazani

Barazani kwa mama yangu, kijijini Kinyangiri, taa ilikuwa ikiwaka saa sita mchana. Jua limekaa juu ya paa, alizeti imeanikwa uani kwenye turubai, kuku wamekimbilia chini ya mkokoteni kutafuta kivuli, na taa inawaka. Ukiuliza kwa nini, ulijibiwa kwa sauti ya mtu anayemwelimisha mjinga: "Hizi hazili umeme." Kaka yangu ndiye aliyeileta kauli hiyo nyumbani, na nyumbani kwetu kaka akisema jambo, wengine kazi yao ni kulirudia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Singida mjini, mtoto wa pili wa mama. Kaka ni wa kwanza. Ananunua alizeti vijijini, anakamua mafuta, anawauzia wafugaji mashudu, ana pikapu na nyumba nzuri Nduguti. Sifa ya uchapakazi simnyimi. Ninachomnyima ni ile akili anayodhani alipewa pamoja na funguo za pikapu.

Umeme ulipofika kijijini, yeye ndiye aliyelipia wayaringi nyumbani kwa mama. Baba alikuwa ameshafariki, na kaka akatembea na fundi chumba hadi chumba akinyoosha kidole: hapa sebuleni, hapa barazani, hapa anapolala mama, hapa wanapolala wageni. Mama alikuwa nyuma yao. Akauliza taratibu, "Na jikoni?"

Jiko la mama ni kijumba cha matofali ya udongo nyuma ya nyumba kubwa. Hakina dirisha. Moshi na watu hutumia mlango mmoja, na kuta zimekuwa nyeusi tangu mimi sijazaliwa. Hata mchana kweupe ukiingia humo lazima usimame kwanza, macho yazoee, ndipo ujue mafiga yako wapi. Kaka alicheka. "Jikoni taa ya nini, mama? Si kuna moto?" Bahati nzuri fundi alikuwa amebakiwa na kipande cha waya na holda moja, akaona tabu kuvirudisha mjini, akavivuta mpaka jikoni. Mama yangu alipata taa ya jikoni kwa sababu fundi alichoka kubeba masalia.

Wakati huo kila mtu alikuwa na zile balbu za njano, za kioo chembamba, ambazo ukizigusa zikiwa zinawaka utaruka. Hatukuwa na habari kwamba zina kosa. Habari hiyo ililetwa na wageni waliokuja kwenye mkutano wa kijiji wamevaa kofia mpya zote za rangi moja, wakatueleza kwamba balbu ya njano inakula umeme mwingi ili itoe joto, na balbu nyeupe inakula kidogo ili itoe mwanga. Yalikuwa maneno ya kweli. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba waliyasema, wakapigiwa makofi, wakapiga picha na viongozi, wakapanda gari. Hakuna aliyeingia hata nyumba moja kuangalia watu wake wanaishi upande gani wa nyumba.

Basi watu wakabadilisha. Nyie, watu walibadilisha! Balbu nyeupe ikawa kama makochi. Asiye nayo alitazamwa kwa huruma ile ya kanisani, ya kuombewa. Ukipita barabarani wakati wa magharibi ungedhani umeingia mji mwingine, baraza zote zinang'aa, wadudu wamejaa, mwenye nyumba amekaa chini ya balbu yake akisubiri salamu. Lakini uzunguke nyuma. Nyuma kulikuwa na njano ileile, au holda tupu, au koroboi. Mzee mmoja wa kanisa, jirani yetu, alifunga nyeupe juu ya mlango wake wa mbele, na ndani wajukuu wakaendelea kusoma kwa tochi ya simu. Nilipomuuliza alinijibu bila haya, "Mwalimu, mbele ndiko wanakopita watu."

Hiyo ndiyo kanuni ya kijiji changu, na sijioni kuwa nje yake, maana ndiyo iliyonilea. Kitu kizuri ni cha mgeni. Kikombe kisichopasuka ni cha mgeni, shuka jipya ni la mgeni, na sasa hata kuona ikawa ni kwa ajili ya mgeni. Balbu iliwekwa mahali ambapo yenyewe itaonekana. Aliyehitaji kuonea kitu alikuwa nyuma, jikoni, na huko hakuna apitaye.

Kaka alifunga nyeupe sebuleni, vyumbani na barazani, akatangaza kwamba umeme wa luku, ule wa kulipia kabla, sasa utakaa mpaka wausahau. Kwa kuwa hazili umeme, hakukuwa na haja ya kuzizima, na hazikuzimwa. Sebule iliwaka usiku kucha ikiwa na viti tu. Chumba cha wageni kiliwaka bila mgeni. Baraza ilishindana na jua mchana. Umeme ukaisha kama ulivyokuwa unaisha, na mama akampigia simu kaka kumwambia kuwa mita ya luku inalia.

Kaka alikuja kufanya upelelezi. Alisimama katikati ya ua mikono kiunoni, chini ya taa zake zote zinazowaka mchana, akazungusha macho kumtafuta mwizi. Na akampata! Mwizi alikuwa jikoni: ile balbu ya njano ya masalia, ambayo mama aliiwasha wakati wa kupika na kuizima akimaliza kuosha vyombo. Kaka alimwagiza kibarua wake aende kuichomoa. Nyeupe haikuwekwa mahali pake, kwa sababu, alivyosema yeye mwenyewe, "moshi utaichafua bure." Akaondoka na pikapu yake ameridhika, na nyuma yake baraza ikaendelea kuwaka.

Mama hakuniambia. Nikimpigia simu ananijibu kwamba wako salama, mvua imenyesha, mtama umesimama. Mama ni wa rika lile ambalo mtoto akishakuletea umeme humfundishi tena habari za umeme. Alipika gizani. Asubuhi alifungua mlango wote na kuvumilia upepo uliopuliza majivu kwenye sufuria. Magharibi alibana tochi ndogo kwapani, akisonga ugali huku mwanga unacheza ukutani na kila mahali isipokuwa kwenye chungu.

Halafu ikaja siku ya wageni wa posa. Binti wa kaka alikuwa amechumbiwa, na kwetu wakwe hupokelewa kwanza nyumbani kwa bibi, hata kama baba wa binti ana nyumba ya vigae mahali pengine. Mama alipewa jogoo wawili awapike. Kwenye rafu ya jikoni kwake kuna makopo mawili ya mafuta ya kula yaliyokwisha, yanafanana kama mapacha: moja lina chumvi ya mawe aliyoitwanga, jingine lina magadi ya kulainishia mlenda, nayo ameyatwanga. Miaka yote aliyatofautisha kwa macho, chumvi ni nyeupe, magadi yana ukijivu. Siku hiyo, watu wanamharakisha kutoka nje na tochi imekwisha chaji, alinyoosha mkono akachota.

Mimi sikuwepo, nina kazi, lakini nimesimuliwa na kila mtu, maana aibu ya ukoo husimuliwa vizuri kuliko sherehe. Mchuzi uliingia sebuleni unatoa povu. Mshenga alikunywa kijiko kimoja akatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Wakwe wakakumbuka wana safari. Posa haikuvunjika, binti wa watu ni mzuri, lakini kaka alikuwa amevuliwa nguo mbele ya watu aliotaka wamwone amevaa. Na mtu wa namna hiyo hawezi kulala bila kumpata mkosaji. Kesho yake alinipigia simu. "Mama haoni tena," alisema. "Umri umefika. Namhamishia Nduguti, hapa nyumba itabaki chini ya uangalizi wangu. Jumamosi tuna kikao, ukipata nafasi njoo."

Nilijua nyumba ya mama ilivyo. Ipo kando ya barabara, pikapu inaegeshwa mlangoni, sebule ni pana, na msimu wa alizeti ulikuwa umekaribia. Nilijua pia nyumba ya kaka ilivyo. Pale Nduguti mama atapewa chumba cha uani na kiti cha plastiki, atakaa akiangalia geti, na mtu wa kumpikia. Mama yangu hajawahi kupikiwa isipokuwa akiwa na uzazi. Nikaenda.

Nilifika asubuhi, ng'ombe ndio wanatoka. Mama alikuwa uani. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba, lakini alichonifanyia baada ya hapo ndicho kilichoniuma. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, akapapasa hewa, akanishika mabega, akanipapasa uso. Kwenye jua lile! Nilimwangalia macho. Si macho ya msichana, nakubali, na uzi haingizi tena kwenye sindano bila kusaidiwa. Lakini mwezi uliotangulia tu alikuwa ameniambia kitenge changu kimepauka.

"Mama, hunioni?"

"Wanasema sioni," alijibu. "Nimeanza kuzoea."

Nilipandwa na hasira. Niliingia jikoni kuweka sukari niliyomletea, na kama kawaida nikasimama mlangoni kusubiri macho yazoee. Hayakuzoea. Nikapapasa ukutani nikaipata swichi, nikaibonyeza, wapi. Nikainua kichwa. Kwenye mwanga mdogo wa mlangoni niliiona holda inaning'inia tupu, buibui ameshafanya makazi. Nikamuuliza mama balbu iko wapi, ndipo akanieleza yote, pale pale, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza ng'ombe aliuzwaje. Kwamba balbu ilikuwa inakula. Kwamba siku ya wakwe tochi ilikufa. Kwamba makopo yanafanana.

"Na uliwaambia kwamba ilikuwa giza?"

"Jikoni si huwa giza, mwanangu?"

Nilikwenda barazani. Taa ilikuwa inawaka, jua nalo limepanda. Nikaizima, nikapanda kiti, nikaichomoa ile balbu ya heshima, nikazunguka nayo nyuma ya nyumba nikiwa nimeishika kwenye upande wa kanga, nikamtoa buibui, nikaifunga jikoni. Nikabonyeza swichi.

Jiko letu sikuwahi kuliona. Nimekulia humo, nimelia humo kwa moshi na kwa fimbo, na sikuwahi kuliona. Masizi yalikuwa yananing'inia darini kwa nyuzi. Ukutani kulikuwa na alama za vidole vyetu tulipokuwa wadogo, pale tulipokuwa tunafutia mikono ya ugali. Mama aliingia nyuma yangu, akasimama. Akatazama rafu. Akaenda moja kwa moja, akashika kopo la kulia, "Chumvi." Akashika la kushoto, "Magadi." Hakuyaonja. Kisha akaanza kufoka. Akasema jiko chafu, nani ameacha sufuria hivi, huu mwiko umepasuka tangu lini, mbona hamsemi! Nilifurahi kufokewa kuliko nilivyofurahi siku nyingi. Akashika ufagio akaanza kuangusha masizi, na hakumpapasa mtu tena siku hiyo.

Mchana ukoo ukafika. Ukoo wenyewe ni kaka, na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye huwekwa mwenyekiti wa vikao vyetu kwa sababu huunga mkono upande uliomlisha mara ya mwisho. Walikaa sebuleni chini ya taa. Na nani alikuwa anawapikia? Mama. Ndivyo tulivyo: anayejadiliwa kama mzigo ndiye anayewapikia wanaomjadili.

Kaka alifungua kwa kikohozi cha uongozi. Akaeleza habari ya mchuzi, aibu ya ukoo, hatari ya moto, mzee anaweza kujiunguza, yeye kama mtoto wa kwanza hawezi kuvumilia. Baba mdogo akatikisa kichwa kila mahali palipostahili. Nikasema, "Kaka, kabla hujaendelea, twende jikoni ukaone kitu."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mwanamume mzima mimi, mwenye mkwe, niingie jikoni kwa mama?"

"Basi uliamuaje taa ya huko bila kupaona?"

"Kwani umeme unaingiaje hapa? Tunazungumzia macho ya mama."

Baba mdogo akasema jikoni si mahali pa wanaume, kaka yupo sahihi. Bila shaka alikuwa sahihi. Harufu ya nyama ilikuwa imeanza kutoka huko na mzee hakutaka mpishi asumbuliwe. Nilitaka kupiga meza. Kabla sijaipiga, mama aliingia na ungo wa choroko. Hakukaa kwenye kochi. Alivuta kigoda karibu na mlango, akaweka ungo mapajani, akaanza kuchambua.

Kaka aliendelea. Alisema mama anahitaji kupumzika. Mama akachukua kijiwe, akakiweka sakafuni. Kaka akasema wazee wengine wakikataa kusaidiwa huumia. Mama akatoa kijiwe kingine, na punje iliyotobolewa na wadudu, akaviweka pembeni ya kile cha kwanza. Baba mdogo alikuwa ameacha kumsikiliza kaka. Alikuwa anaangalia vidole vya mama vinavyokwenda kwenye choroko, na lile rundo dogo la vijiwe linavyokua sakafuni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutazama chakula kinatoka wapi. Kaka naye akaona. Sauti ikampungua, lakini alishaanza na mtu wa namna yake akishaanza hasimami.

"Kwa hiyo, mama, kwa kuwa huoni..."

"Kifungo chako cha pili kinaning'inia," mama alisema bila kuinua kichwa. "Uzi umekatika. Kitaangukia kwenye chakula."

Kaka aliinama kujiangalia. Kifungo kilikuwa kinaning'inia. Baba mdogo akacheka, akajikohoza ili ionekane hakucheka.

"Hiyo ni leo," kaka alisema, na uso umemwiva. "Leo mchana kuna jua. Siku ile je?"

Mama akaweka ungo chini. Sijawahi kumsikia mama akimkatiza kaka, na hakumkatiza kwa ukali. "Siku ile mlikuwa mmeniondolea taa. Mmeniondolea taa, mkasema sioni. Mkiniondolea mguu mtakuja kukaa kikao kwamba sitembei?" Akamwangalia. "Nimeolewa kwenye nyumba hii. Sitoki."

Tulimsubiri kaka. Mtu mwenye haya angesema samahani. Mtu mwenye akili angeuliza habari ya taa, aielewe sasa. Kaka yangu alimgeukia baba mdogo, akiwa amechanganyikiwa kweli, na akasema kwa sauti, mbele ya mama aliyemzaa, "Sasa magunia yangu nitayaweka wapi?"

Baba mdogo akaangalia miguu yake. Hata yeye.

Kikao kiliishia hapo. Hakikufungwa, kiliisha tu, chakula kikaletwa. Kilikuwa kitamu. Baba mdogo alinusa mchuzi kwanza, kwa siri aliyodhani hatuioni, halafu akala mpaka akalegeza mkanda, akatangaza kwamba mwenye nyumba ana haki ya kukaa nyumbani kwake. Kaka alikula kidogo. Akitoka aliinua macho barazani, akaona holda tupu, akafungua mdomo. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Akaufunga, akapanda pikapu, akaondoka.

Jirani zetu walisema sana juu ya ile baraza. Walisema mwalimu amekuja kumchomolea mama yake taa, mtoto gani yule, wenzake wanaleta yeye anaondoa. Wazungumze. Mimi nimenunua nyeupe nyingine nikaifunga chooni, na wakitaka kuniombea waniombee.

Lakini siku ile, kaka alipokwisha kuondoka na baba mdogo amejilaza kwenye kochi, mama aliniita jikoni nimsaidie kuvuta kitu. Nyuma ya kuni kulikuwa na gunia limesimama, limefungwa mdomo kwa kamba ya katani. Nilidhani ni mtama. Nilipolivuta lililia kama vyombo. Nikauliza ni nini.

"Sufuria," mama alisema. "Sahani. Kinu kimebaki, kinu ni kizito. Nilifunga mwenyewe juzi, ili kaka yako asipate tabu."

Nikainama nimfungulie ile kamba, akaniondoa mkono. Alikaa chini, akalivutia gunia miguuni pake, chini ya mwanga, akaanza kulifungua mwenyewe. Alikuwa amefunga fundo juu ya fundo, kama mtu anayefunga kwa kupapasa, na yalimchukua muda.

"Walisema sioni," alisema, "na mimi nikawaamini."